Mwanasesere na Kutawishwa kwa Msichana: Historia ya Kichezeo Kama Matini

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya watoto, kitabu ndicho ambacho aghalabu hupewa nafasi ya kwanza. Hadithi huchambuliwa, wahusika wa kike wakahesabiwa, na kazi wanazopewa zikalinganishwa na zile za wahusika wa kiume. Hata hivyo, kabla mtoto hajajua kusoma, huwa tayari amekabidhiwa matini nyingine isiyokuwa na maandishi. Matini hiyo ni kichezeo. Kichezeo kina umbo, kina mavazi, mara nyingine kina jina, na zaidi ya yote kina masimulizi ambayo mtoto hutarajiwa kuyatimiza kwa mikono yake. Anayepewa upanga wa mbao ameambiwa aende; anayepewa kitanda kidogo cha kulazia mtoto wa bandia ameambiwa akae.

Makala haya yanachunguza historia ya kichezeo kimoja, yaani mwanasesere, kwa nia ya kubainisha jinsi taswira mgando za kijinsia zilivyojengwa katika vichezeo na athari zake kwa wasichana. Kwa taswira mgando inakusudiwa picha iliyoganda ya mwanamke au mwanamume, ambayo huchukuliwa kuwa ni maumbile ilhali ni matokeo ya historia. Hoja kuu ni kwamba madhara hayamo katika mwanasesere peke yake. Yamo katika kufungwa kwa milango mingine, hata ikawa mwanasesere ndiye mwenzi wa pekee aliyebaki na msichana chumbani. Kiswahili kina neno la hali hiyo: kutawishwa. Mwali hutawishwa anapowekwa ndani mbali na macho ya watu. Neno hilo litatumiwa hapa kwa maana ya kitamathali kuhusu Ulaya na Marekani, ambako historia ya kichezeo hiki imehifadhiwa vizuri katika maandishi, kisha litarejeshwa katika maana yake halisi mjadala utakapofika pwani ya Afrika Mashariki.

2. Chimbuko la mjadala: Rousseau na Wollstonecraft

Mjadala huu si mpya. Mwaka 1762 Jean-Jacques Rousseau alichapisha Émile, kitabu kilichokuja kuwa msingi wa fikra nyingi za malezi barani Ulaya. Katika sehemu ya tano, anapogeukia malezi ya Sophie, atakayekuwa mke wa Émile, Rousseau anadai kwamba wavulana hupenda mwendo na kelele, hivyo huchagua ngoma, pia na vigari, ilhali wasichana hupenda vinavyopendeza macho, kama vile vioo, mapambo, vitambaa, na hasa mwanasesere. Anamwona msichana akimvisha na kumvua mwanasesere wake siku nzima, naye anatabiri kwamba utafika wakati ambapo msichana huyo atakuwa mwanasesere wake mwenyewe. Kwake hilo lilikuwa jambo la kuridhisha. Kichezeo kilithibitisha maumbile, na maumbile yakahalalisha ndoa ambamo mke yupo ili kumpendeza mume.

Jibu lilitolewa miaka 30 baadaye. Mary Wollstonecraft, katika utetezi wake wa haki za wanawake uliochapishwa London mwaka 1792, alikanusha kwamba mapenzi ya mwanasesere ni maumbile. Msichana huvisha mwanasesere kwa sababu tangu utotoni amemwona mama yake na wanawake wengine wakivishwa na kujipamba. Aidha, msichana ambaye moyo wake haujafifishwa na kukaa bila kazi atapenda kukimbia na kurukaruka kama nduguye, wala mwanasesere hatamshughulisha, isipokuwa amefungiwa ndani na kunyimwa jambo jingine la kufanya.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Wollstonecraft hakusema kwamba mwanasesere ni sumu, wala hakutaka achomwe moto. Alichofanya ni kuhamisha swali. Badala ya kuuliza msichana anapenda nini, aliuliza msichana amenyimwa nini. Rousseau alikiona kichezeo mkononi. Wollstonecraft aliuona mlango uliofungwa nyuma ya mwenye kukishika. Historia yote inayofuata yaweza kusomwa kama mvutano baina ya mitazamo hii miwili.

3. Wanasesere wa karne ya 19: Maggie na Emmy

Karne ya 19 iligeuza kazi ya mikono kuwa biashara kubwa. Miji ya Ujerumani kama vile Sonneberg ilisafirisha wanasesere wenye vichwa vya kauri hadi nchi za mbali, na mwanasesere akawa zawadi ya kawaida ya msichana wa tabaka la kati. Riwaya na tamthilia za wakati huo zilikirekodi kichezeo hiki kwa namna ambayo wenye viwanda hawakuikusudia.

Katika The Mill on the Floss, riwaya iliyochapishwa mwaka 1860 na Mary Ann Evans kwa jina la kiume la George Eliot, Maggie Tulliver ana mwanasesere wa mbao anayefichwa darini. Mwanasesere huyo hapambwi wala habembelezwi. Kila Maggie anapodhulumiwa sana hupanda darini kumwadhibu, na katika miaka 9 ya maisha yake amekwisha kumpigilia misumari mitatu kichwani. Msomaji anayeishia kwenye misumari atamwona mtoto mwenye hasira tu. Anayetazama milango ataona zaidi. Maggie ni mwerevu kuliko kaka yake Tom, na baba yao anajua hivyo, lakini anausikitikia werevu huo kana kwamba ni kilema kwa mtoto wa kike. Tom ndiye anayepelekwa kwa mwalimu kufundishwa Kilatini asichokipenda. Maggie anapomtembelea na kuonyesha hamu ya kujifunza, mwalimu anatamka kwamba akili za wasichana ni nyepesi na hazifiki mbali. Hivyo misumari inaingia katika kichwa cha mbao kwa sababu kichwa cha Maggie mwenyewe kimekataliwa kuingia darasani.

Miaka 19 baadaye, mwaka 1879, Henrik Ibsen wa Norwei alitoa tamthilia ambayo jina lake lina maana ya nyumba ya mwanasesere. Uhakiki umeshughulika sana na tendo la tatu, ambapo Nora anamwambia mumewe kwamba kwa baba yake alikuwa mtoto wa sesere, kwa mumewe amekuwa mke wa sesere, na watoto wake nao wamekuwa wanasesere wake. Lakini chanzo cha kauli hiyo kimepandwa mapema mno, katika ukurasa ambao wasomaji wengi huupita haraka. Nora anapoingia jukwaani ametoka kununua zawadi za Krismasi. Mmoja wa wavulana amenunuliwa upanga, mwingine farasi na tarumbeta. Emmy, binti yake, amenunuliwa mwanasesere na kitanda chake. Nora anaeleza kwamba ni vya bei ndogo, kwani hata hivyo Emmy atavivunja upesi.

Ibsen hatoi mahubiri hapo. Anamwonyesha mama aliyelelewa kama mwanasesere akimkabidhi binti yake mwanasesere, kwa upendo, bila kujua anachokifanya. Huu ndio utendaji wa taswira mgando: haihitaji adui. Hupitia mikononi mwa wale wampendao mtoto, na hupitia katika siku za furaha. Anapouaga mlango wa nyumba yake mwishoni, Nora anamwacha Emmy ndani pamoja na zawadi yake.

4. Mwanasesere, rangi na upendo: Claudia

Katika Marekani ya karne ya 20 suala la jinsia liliingiliana na suala la rangi. Mwaka 1947 wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu watoto weusi 253 wenye umri wa miaka 3 hadi 7. Watoto walionyeshwa wanasesere waliofanana kwa kila kitu ila rangi, kisha wakaulizwa ni yupi wangependa kucheza naye, yupi ni mzuri na yupi anaonekana mbaya. Thuluthi mbili hivi walimchagua mweupe awe wa kucheza naye. Kazi ya Kenneth Clark ilitajwa mwaka 1954 katika uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani uliopiga marufuku utengano wa rangi katika shule za umma. Kwa hakika ni nadra kichezeo kufikishwa mbele ya sheria kwa uzito kama huo.

Riwaya ya Toni Morrison ya mwaka 1970, The Bluest Eye, iliyowekwa Lorain, Ohio, mnamo mwaka 1941, inaingia ndani ya tukio ambalo takwimu haziwezi kulifikia. Claudia hupewa kila Krismasi mwanasesere mweupe mwenye macho ya buluu. Watu wazima wanaamini wamemtimizia ndoto yake kuu. Yeye anamvunja vipande, si kwa ukorofi, bali kwa udadisi: anataka kujua ni kitu gani kilichofichwa mle ndani kinachofanya ulimwengu mzima umpende mwanasesere na usimpende yeye. Wazazi wanakasirika na kuhuzunika, maana wao utotoni hawakupata mwanasesere hata mmoja.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba Claudia anasema hakuna aliyemuuliza alichokitaka. Angeulizwa, asingetaja kitu cha kumiliki. Angeomba akae kwenye kigoda jikoni mwa bibi yake, amepakata maua, babu ampigie fidla yeye peke yake. Alitaka kuhisi. Akapewa kitu cha kulea. Hata hivyo Morrison hamfanyi Claudia shujaa aliyeshinda. Claudia anakiri kwamba baadaye alijifunza kuupenda weupe ule ule aliouchukia, na rafiki yake Pecola, ambaye hakuwahi kuvunja chochote, anaishia katika wazimu akiamini amepata macho ya buluu. Kuvunja mwanasesere ni usomaji pingamizi, lakini mtoto hawezi kuuendeleza usomaji huo peke yake mbele ya jamii nzima inayomsomea kinyume.

5. Plastiki na soko: kutoka Lilli hadi Barbie

Mwaka 1949 Simone de Beauvoir aliandika kwamba msichana humpamba mwanasesere kama anavyoota kupambwa, kisha hujiona yeye mwenyewe kuwa mwanasesere wa ajabu. Mwaka 1957 Roland Barthes aliongeza hoja nyingine katika insha fupi kuhusu vichezeo vya Ufaransa. Aliwataja wanasesere wanaonyonyeshwa chupa na kulowesha nepi, akaeleza kwamba vichezeo vya namna hiyo humfanya mtoto kuwa mtumiaji wa ulimwengu uliokwisha kutengenezwa, wala si mtunzi wake. Tena aliusikitikia mti, ambao ulikuwa ukibadilishwa kwa plastiki.

Miaka miwili baadaye plastiki ilipata malkia wake. Mwezi Machi 1959, katika maonyesho ya vichezeo jijini New York, kampuni ya Mattel ilimzindua Barbie. Ruth Handler, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alikuwa amemwona binti yake Barbara akicheza na wanasesere wa karatasi wenye umbo la watu wazima, akatambua kwamba watoto wa kike walitaka kuigiza maisha yao yajayo, si umama peke yake. Kielelezo alikipata Uswisi mwaka 1956, katika mwanasesere wa Kijerumani aliyeitwa Lilli, aliyetokana na katuni ya gazeti la Bild na ambaye wanunuzi wake walikuwa hasa watu wazima wa kiume.

Mgongano wa asili hizo mbili, yaani nia ya mama na macho ya wanaume, haujawahi kumtoka Barbie. Mwaka 1965 alivishwa mavazi ya mwanaanga, wakati ambapo Marekani haikuwa imempeleka mwanamke hata mmoja angani. Mwaka huo huo kulitolewa seti ya vazi la kulalia iliyokuwa na mizani iliyosimama kwenye ratili 110, sawa na kilo 50 hivi, pamoja na kijitabu cha kupunguza uzito ambacho shauri lake lilikuwa kutokula. Mwaka 1968 aliongezwa Christie, rafiki mweusi. Ilibidi kungoja hadi 1980 ndipo mwanasesere mweusi aruhusiwe kuitwa Barbie. Mwaka 1992 alitolewa Barbie wa kusema, na miongoni mwa sentensi zake ilikuwamo moja iliyolalamika kwamba somo la hisabati ni gumu. Chama cha wanawake wasomi wa vyuo vikuu vya Marekani, ambacho mwaka huo kilikuwa kimetoa ripoti kuhusu wasichana wanavyopunjwa shuleni, kilipinga, na sentensi hiyo ikaondolewa. Mwaka 1993 kikundi cha wasanii kilibadilisha vifaa vya sauti vya Barbie na vya mwanasesere wa askari wa wavulana, kisha kikavirudisha vichezeo hivyo madukani. Askari akasikika akitamani kwenda dukani. Barbie akasikika akitaka kisasi. Kicheko kilichofuata kilionyesha kwamba taswira mgando hudumu pale tu isipotamkwa na mdomo usiotarajiwa.

Yamkini mtu atadhani kwamba mgawanyo wa vichezeo kwa jinsia umekuwa ukipungua kadiri wanawake walivyopata elimu na kazi. Historia haikwenda hivyo. Elizabeth Sweet, mwanasosholojia aliyechunguza katalogi za duka la Sears, aligundua kwamba mwaka 1975, harakati za wanawake zilipokuwa kileleni, chini ya asilimia 2 ya vichezeo vilitangazwa waziwazi kuwa vya wavulana au vya wasichana. Mgawanyo uliongezeka upya baada ya hapo. Mwaka 1984 Marekani ililegeza masharti ya matangazo katika televisheni za watoto, vipindi vizima vikageuka matangazo ya vichezeo, na wafanyabiashara wakaelewa kwamba kugawa soko mara mbili ni kuuza mara mbili: baiskeli ya waridi ya dada haitarithiwa na mdogo wake wa kiume. Kinachoitwa maumbile leo, kwa hiyo, ni kichanga kuliko wazazi wengi wanaokiamini.

6. Ushahidi wa athari

Je, matini hii humwathiri msichana, au hoja zote hizi ni hofu za wasomi? Mwaka 2006 Helga Dittmar, Emma Halliwell na Suzanne Ive walichapisha uchunguzi wa wasichana 162 wa Uingereza wenye umri wa miaka 5 hadi 8. Waliotazama picha za Barbie waliridhika na miili yao kwa kiwango cha chini na kutamani wembamba zaidi kuliko waliotazama picha nyingine. Athari hiyo ya papo kwa papo haikuonekana kwa wale wakubwa zaidi. Hilo si lazima liwe faraja. Yawezekana kwamba kufikia umri huo somo lilikuwa limekwisha kuingia, wala halikuhitaji tena picha.

Mwaka 2014 Aurora Sherman na Eileen Zurbriggen walitoa matokeo yenye mafunzo makubwa zaidi kwa mhakiki. Wasichana 37 wenye umri wa miaka 4 hadi 7 walicheza kwa dakika 5, baadhi na Barbie wa mitindo, baadhi na Barbie aliyevishwa kama daktari, na wengine na Mrs. Potato Head, yaani kiazi cha plastiki kinachobandikwa macho, pua na midomo. Baadaye waliulizwa kazi ambazo wao wangeweza kuzifanya wakubwapo na ambazo wavulana wangeweza. Waliocheza na Barbie walijipa kazi chache kuliko walizowapa wavulana. Waliocheza na kiazi walikaribia usawa. Joho la daktari halikuleta tofauti.

Idadi ya watoto hao ni ndogo na muda wa mchezo ni mfupi. Haifai kujenga ghorofa juu ya msingi huo mwembamba. Lakini funzo lake linaafikiana na kanuni ya uhakiki inayojulikana: mhusika habadiliki kwa kubadilishiwa cheo ikiwa umbo la masimulizi limebaki lile lile. Mwandishi anayempa mhusika wa kike shahada kisha akamweleza kwa kiuno na midomo tu amefanya kama mtengenezaji wa joho lile.

7. Mwana hiti na gunzi: kutawishwa kwa maana halisi

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba haya ni maradhi ya ugenini yaliyoletwa na plastiki. Historia ya Afrika Mashariki hairuhusu wepesi huo. Miongoni mwa Wazaramo wa pwani ya Tanzania, ambao mila zao zilichunguzwa kwa kina na Marja-Liisa Swantz katika kitabu cha mwaka 1970, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, na humo akapewa mwana hiti. Hiki kilikuwa kinyago kidogo, aghalabu cha mti, chenye kichwa kilichosukwa, matiti na kitovu, lakini kisichokuwa na mikono wala miguu. Mwali alikitunza kama mtoto, naye akafunzwa kwa njia hiyo uzazi na wajibu wa mwanamke. Hapa sharti la Wollstonecraft linatimia neno kwa neno: kufungiwa ndani, na sanamu mkononi.

Hata hivyo tofauti ipo, nayo haifai kupuuzwa. Mwana hiti hakuachwa aseme peke yake. Alifasiriwa na wanawake wazima kwa maneno, nyimbo na mafumbo, na matini yake ilikuwa na mwisho unaojulikana, kwani siku ilifika mwali akatolewa nje mbele ya jamii kwa shangwe. Mwanasesere wa plastiki hana somo wala kungwi. Humfikia mtoto wa miaka 3 kupitia tangazo, na hakuna siku iliyowekwa ya kumtoa mtoto huyo nje ya masimulizi yake. Lakini tofauti hiyo isigeuzwe kuwa sifa tupu. Sanamu isiyokuwa na miguu haiendi popote, na elimu ya mwali, pamoja na hekima yake yote, ilimwandalia mlango mmoja.

Kadhalika kwa vichezeo ambavyo watoto wamejitengenezea wenyewe. Barthes angelifurahia gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa likawa mtoto, kwa kuwa hapo mtoto ni mtunzi. Mvulana aliyekunja waya akaunda gari ni mtunzi pia. Ila gari la waya huendeshwa njiani, mbali na macho ya mama, ilhali gunzi hufungwa mgongoni kwa leso, na mwenye kulibeba hubaki karibu na mafiga kwa sababu huenda akaitwa wakati wowote. Katika mchezo wa kalongolongo, baba hutoka kwenda kazini na mama hupika udongo katika mikebe. Mikono ni ya watoto. Muundo wa hadithi wameurithi.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mgawanyo wa vichezeo kwa jinsia una tarehe zake, watetezi wake na wapinzani wake, na kwamba umepanda na kushuka kulingana na nguvu za kijamii na za soko. Kilicho na tarehe ya kuanza chaweza kuwa na tarehe ya kukoma. Dalili zipo. Mwaka 2016 Barbie aliongezewa maumbo mapya ya mwili. Mwaka 2021 kampuni ya LEGO ilitangaza nia ya kuondoa taswira mgando za kijinsia katika vichezeo vyake, na sheria ya California iliyoanza kutumika mwaka 2024 inayataka maduka makubwa yawe na sehemu ya vichezeo isiyobagua jinsia. Hata hivyo uchunguzi wa joho la daktari unatahadharisha dhidi ya kuridhika na mabadiliko ya vazi.

Kwa upande wa fasihi, Maggie, Emmy na Claudia wanamfunza mhakiki kwamba msichana si msomaji bubu. Anapopigilia msumari au kung'oa mkono wa sesere, anahakiki. Wajibu wa wanaochunguza fasihi ya watoto katika Kiswahili ni kuusikiliza uhakiki huo, na kuipima kila hadithi kwa swali aliloliacha Wollstonecraft. Si kosa msichana wa kitabuni kumbeba mtoto mgongoni. Kosa ni ikiwa, baada ya kumlaza mtoto huyo, mwandishi hakumwachia mlango wa kutokea.